Mwangwi Aliyetumwa Chini ya Ardhi

Mgodi ukilipua, nani husikia kwanza: mguu au sikio?

Jibuni polepole, wanangu. Nyinyi watoto wa Musonoi, hapa Kolwezi, mnaijua milipuko. Baruti inawaka kule shimoni. Ardhi inatetemeka. Sahani zinalia kabatini, vumbi linadondoka kutoka kwenye bati. Ndipo, baada ya kitambo kidogo, ile "buu!" inafika masikioni.

Mguu! Vizuri sana. Mguu husikia kwanza.

"Kwa nini, Mjomba?"

Kwa sababu mtikisiko hupita haraka mwambani kuliko hewani. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde moja. Katika mwamba mgumu, huu wa kwetu, huenda mita 5,000 na hata zaidi. Wakati sauti ya hewani bado iko njiani, ile ya mwambani imeshapita chini ya kitanda chako na kwenda zake.

Imekwenda wapi? Hilo ndilo swali la leo. Nyingine imekwenda mbali. Nyingine imeshuka chini, chini, chini. Huko chini inakutana na mwamba wa namna nyingine. Sehemu yake inapenya na kuendelea. Sehemu yake inagonga na kurudi juu. Hiyo inayorudi ina jina: Mwangwi. Leo nitawasimulia habari za Mwangwi, na za watu wanaomtuma chini ya ardhi kutafuta mafuta na gesi.

Wahenga wetu hawakumhitaji Mwangwi. Shaba ya Katanga ilijionyesha yenyewe. Malakaiti ni ya kijani, inachungulia juu ya kilima, hata mtoto anaiokota. Tena palipo na shaba nyingi udongoni, miti mikubwa haioti vizuri. Kilima kinabaki na majani mafupi, na katikati ya majani hayo kunaota ua dogo la zambarau. Wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Sisi tuliite ua la shaba. Wazee waliliona ua, wakaiona malakaiti, wakachimba, wakayeyusha, wakamimina ile misalaba ya shaba ambayo bado inawekwa katika majumba ya makumbusho. Kilima kilisema wazi. Wao walijua kukisoma.

"Mjomba, na mafuta yana ua lake?"

Nani ameuliza hivyo? Njoo hapa mbele. Wewe leo karanga za kwanza ni zako. Swali hilo liliwasumbua watu wazima miaka mingi.

Ndiyo, mafuta yana ua la namna yake. Kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, mpakani mwa Kongo na Uganda, liko Ziwa Albert. Kando ya ziwa hilo mafuta yalikuwa yakichuruzika yenyewe kutoka ardhini, meusi, mazito, yenye harufu. Miaka ya 1920 mjiolojia mmoja Mwingereza, E. J. Wayland, aliyafuatilia na kuyaandika. Mwaka 1938 kikachimbwa kisima cha Waki, karibu na Butiaba, upande wa Uganda. Mafuta ya kutosha kuuza hayakupatikana. Miaka ikapita, miaka mingi, watoto wakazaliwa wakawa mababu.

Mnaona tofauti? Ua la shaba linaota palepale penye shaba. Mafuta ni msafiri. Yanapanda kupitia nyufa za mwamba, yanapinda, yanatokeza hapa, kumbe ghala lake liko kule, mbali, kilomita moja au mbili chini, pengine chini ya ziwa lenyewe. Ukichimba penye ua, unachimba mlangoni na kuikosa nyumba.

Kabla sijaendelea, nifute picha moja vichwani mwenu. Mtu akisema "kuna mafuta chini ya ardhi," mnaona nini? Pango kubwa lenye ziwa jeusi ndani yake. Nakubali, hata mimi nikiwa mdogo niliona hivyo. Lakini sivyo.

Chukua bidoni ya njano, hii hii mnayochotea maji. Ijaze mchanga mpaka shingoni. Imejaa? Imejaa. Sasa mimina maji taratibu. Yanaingia! Mimina tena. Yanaingia tena! Maji yamekaa wapi, na bidoni ilikuwa imejaa? Yamekaa kati ya punje na punje. Ghala la mafuta liko hivyo. Mara nyingi ni mwamba wa mchanga, punje zake zimeshikana, na kati ya punje mna vinafasi vidogo vidogo. Humo ndimo yanamokaa mafuta, au gesi, au maji ya chumvi. Juu yake sharti pawe na kizibo, mwamba wa udongo usiopenyeka. Kizibo kikiwa na ufa, mafuta yanavuja. Ndiyo yale aliyoyaona Wayland.

Sasa tuwe na bidoni tatu, zote zimejaa mchanga. Ya kwanza ni mchanga mkavu, kati ya punje mna hewa tu. Ya pili ina maji. Ya tatu ina mafuta ya mawese. Vizibo vimekazwa. Kufungua hairuhusiwi. Utajuaje ipi ni ipi?

"Nitagonga!"

Ndiyo, mwanangu! Gonga, kisha sikiliza. Mchanga mkavu unajibu kwa sauti yake. Wenye maji unajibu kwa sauti nyingine. Je, wenye maji na wenye mawese? Hapo sikio linapata kazi, kwa sababu vyote viwili ni vya majimaji. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Watafutaji wa mafuta hufanya vivyo hivyo. Nchi kavu huleta magari mazito yenye bamba la chuma tumboni. Bamba linalala chini, gari linaitetemesha ardhi kwa makusudi, kwa sekunde kadhaa. Ziwani na baharini meli hukokota mitungi inayofyatua hewa iliyoshindiliwa. Kisha wanasikiliza. Nchi kavu wametandaza mamia au maelfu ya masikio madogo yaitwayo jiofoni, yamechomekwa udongoni kwa safu ndefu. Mwangwi anashuka, anagonga, anarudi, na kila sikio linaandika. Akishuka kilomita mbili na kurudi, hujamaliza kusema "Musonoi, Kolwezi, Lualaba," naye amekwisha fika.

Mtu wa mwanzo kuthibitisha kwamba njia hii inaweza kuchora matabaka ya ardhi aliitwa John Clarence Karcher. Alifanya majaribio yake Oklahoma, Marekani, mwaka 1921.

Sasa nyamazeni. Mwangwi mwenyewe anataka kusema.

"Mimi ni Mwangwi. Nilitumwa chini, nimerudi. Nimepita kwenye udongo, nimepita kwenye mchanga, nimegonga miamba ambayo hakuna mtu aliyeiona. Nimebeba habari nyingi. Lakini sijui kujisimulia. Niulize vizuri, nami nitajibu."

Kwa miaka mingi watu walimuuliza swali moja tu: "Umechelewa kiasi gani?" Akichelewa sana, ametoka mbali. Akiwahi, ametoka karibu. Kwa swali hilo moja walichora vilima na mabonde ya chini ya ardhi, na wakajua wapi matabaka yamejikunja na kuacha nafasi ya mafuta kunaswa. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini inakupa umbo la bidoni tu. Haikuambii kilichomo.

Basi wakaanza kumuuliza maswali mengine. Majibu yake wataalamu wanayaita sifa za mtetemo. Miaka ya 1970 Mwingereza Nigel Anstey alizichapa sifa hizo kwa rangi juu ya picha za matabaka, wakati ambapo uchapaji wa rangi ulikuwa ghali mno na wengi walizoea mistari myeusi. Mwaka 1979 Turhan Taner, mzaliwa wa Uturuki, pamoja na wenzake Fulton Koehler na Robert Sheriff, walionyesha kwa hesabu jinsi ya kumchambua Mwangwi mmoja na kutoa kwake majibu kadhaa. Hesabu yenyewe mtaikuta shuleni mkikua. Maswali yake mnaweza kuyajua leo.

Swali la kwanza: "Mwangwi, umerudi na nguvu gani?"

"Nikikuta miamba miwili inayofanana," anajibu, "napita tu, narudi dhaifu. Nikikuta miwili iliyo tofauti sana, narudi kwa kishindo. Na mchanga wenye gesi ni laini mno kwangu. Nikitoka kwenye udongo mgumu na kuangukia juu yake, narudi nikipiga kelele."

Kwenye picha, kelele hiyo huonekana kama doa linalong'aa. Mapema miaka ya 1970, katika Ghuba ya Meksiko, watafutaji walianza kuyafuata madoa hayo, na mara nyingi walikuta gesi chini yake.

Swali la pili: "Umerudi na sauti nzito au nyembamba?" Gesi hupenda kumeza sauti nyembamba. Mwangwi akipita ndani ya gesi nyingi, anaweza kutoka upande wa pili na sauti nzito tupu. Wataalamu hukiangalia hicho kivuli chini ya ghala.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. "Mwangwi, unafanana na jirani yako?"

Fikirini. Masikio yale ni mengi, kwa hiyo miangwi ni mingi, imesimama bega kwa bega. Unamchukua mmoja, unamlinganisha na wa pembeni. Wanafanana? Endelea. Wanafanana? Endelea. Ghafla, hawafanani! Hapo pana kitu. Pengine mwamba umekatika na upande mmoja umeshuka. Pengine mchanga umekoma na udongo umeanza. Mwaka 1995 Mike Bahorich na Steve Farmer, wa kampuni ya Amoco, walitangaza njia ya kufanya ulinganisho huo kwa kompyuta katika eneo zima. Watu wakaiona mipasuko waliyokuwa wakiikisia kwa penseli. Wakaona na kitu kingine kilichowafurahisha sana: mito.

"Mito chini ya ardhi, Mjomba? Ina maji?"

Haina maji yanayotiririka, mwanangu. Ni mito iliyokufa. Iliwahi kupita juu ya nchi, ikabeba mchanga, ikapinda kulia, ikapinda kushoto, kisha ikafukiwa na udongo wa miaka mamilioni. Maji yalikwenda, mchanga ukabaki, na zile kona zikabaki. Leo unakata picha ya Mwangwi kwa ulalo, unaiona njia ya mto ule, yenye mizunguko kama ya Lualaba yetu kule chini ya Bukama. Na mchanga wa mto ndio ule wa kwenye bidoni. Ukiijua njia ya mto, unajua mahali pa kutafuta ghala.

Kuna mifereji ya namna hiyo hata chini ya bahari kuu. Mashariki, pwani ya Tanzania, mito iliipeleka michanga yake baharini tangu zama za kale, nayo ikateremka mpaka kwenye vilindi. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa huko, mahali ambapo maji yenyewe yana kina cha kilomita moja, mbili, na zaidi. Na majina ya visima vyake! Wenzetu wa Tanzania waliruhusu ardhi ya chini ya bahari iitwe kwa Kiswahili. Kampuni moja ilitumia samaki na viumbe wa baharini: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia. Nyingine ilikwenda jikoni: Zafarani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani. Mimi hufurahi kila ninapoyataja. Mtoto wa Mtwara akisikia habari za gesi, anasikia maneno ya mama yake.

Swali la nne: "Ukitumwa wima unasemaje, na ukitumwa kwa mshazari unasemaje?"

Hili ni swali la ujanja. Gonga bidoni ubavuni, kisha igonge kwa pembe. Sauti inabadilika. Mwaka 1984 mtaalamu W. J. Ostrander alionyesha kwamba mchanga wenye gesi mara nyingi hujipambanua hapo. Mwangwi wake huzidi nguvu kadiri anavyokwenda mshazari, wakati miamba mingine mingi hufifia. Kwa hiyo doa likiwa linang'aa, mtu makini hashangilii. Anauliza tena, kwa pembe nyingine.

"Kwa nini aulize tena? Mwangwi hudanganya?"

Mwangwi hadanganyi. Anajibu alichoulizwa, basi. Ukimuuliza nguvu, atakuambia nguvu. Lakini chokaa ngumu nayo humrudisha kwa kishindo. Lava ya zamani vilevile. Makaa ya mawe vilevile. Na kuna mtego mbaya zaidi: gesi kidogo sana, isiyofaa hata kuuza, inaweza kumfanya apige kelele karibu sawa na gesi nyingi. Visima vingi duniani vimechimbwa kwa fedha nyingi juu ya doa zuri, na ndani mkakutwa maji yenye mapovu machache. Tena mkumbuke maji na mawese. Gesi hujitangaza. Mafuta hunong'ona, kwa sababu yanafanana mno na maji. Ndiyo maana maswali yawe mengi, na majibu yawekwe pamoja, na ramani ichorwe pale tu majibu manne au matano yanapoelekea upande mmoja.

Turudi Ziwa Albert, tuone mambo yalivyokwenda. Mwaka 1998 upande wa Uganda ulianza kugongwa na kusikilizwa kwa njia hii ya mtetemo. Kisha katika bonde la Semliki, kati ya 2002 na 2004, vikachimbwa visima vitatu vilivyoitwa Turaco. Gesi ikatoka! Lakini ilikuwa imejaa hewa ukaa. Haiwaki jikoni hiyo. Mwangwi hawezi kwa urahisi kukuambia kama gesi iliyomo ni ya kuwaka au la. Hilo linasemwa na kisima peke yake. Waliohusika hawakuacha. Mwaka 2006, kando ya ziwa, kisima cha Mputa kikatoa mafuta, na Mputa ni jina la samaki, sangara mkubwa. Miaka karibu 70 ilikuwa imepita tangu Waki. Serikali ya Uganda imewahi kukadiria kwamba bonde lake lina mapipa bilioni 6.5 ardhini, na kwamba takriban bilioni 1.4 yanaweza kutolewa. Mengine yatabaki kati ya punje. Jaribuni kuitoa bidoni ile ya mchanga maji yote, mtaelewa.

"Mjomba, na hapa Musonoi kuna mafuta?"

Nilijua litakuja! Hapana, mwanangu, hapa usiyatarajie. Mafuta ya Kongo yanatolewa Muanda, kule magharibi kwenye mwambao wa Atlantiki. Miamba yetu yenye shaba ni mizee mno. Imekunjwa na kubanwa na kuchomwa moto wa ndani ya dunia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mafuta hayavumilii hayo yote. Shaba na kobalti zimevumilia. Michanga ya Ziwa Albert ni mitoto kwa miamba yetu. Hata hivyo Mwangwi anapita kwetu pia, na watafutaji wa madini wanaweza kumtuma kuonyesha mikunjo na mipasuko ya mwamba mgumu, ingawa kwetu kumsikiliza ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu matabaka hayakulala. Yamesimama, yamepinda, mengine yamepinduka juu chini.

"Kwa nini wahangaike hivyo? Si wachimbe tu?"

Kaa vizuri, nikujibu hili kwa moyo wote. Wewe umekulia hapa. Unaijua Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 watu walipojua kuna kobalti chini ya nyumba zao, walichimba uani, walichimba sebuleni, walichimba chini ya vitanda. Mtaa mzima ukawa mashimo. Kila shimo linachimbwa katika ardhi ya mtu: kwenye shamba lake la mihogo, kwenye njia ya watoto kwenda shule, karibu na kisima cha maji. Shimo lisilo na kitu linaumiza sawa na lenye kitu. Kwa hiyo ninawapenda watu wanaouliza sana kabla ya kuchimba. Swali la Mwangwi halibomoi ukuta wa mtu likiulizwa kwa uangalifu.

Tazameni mradi wa Tilenga, upande wa Uganda, wilaya ya Buliisa. Mpango wake ni visima zaidi ya 400. Lakini havikutawanywa kila mahali. Vimekusanywa kwenye viwanja 31. Kutoka kiwanja kimoja bomba linashuka, kisha linapinda chini kwa chini kulifuata ghala. Katika mradi mwenzake wa Kingfisher, visima vinaanzia ufukweni na kupita chini ya ziwa bila kuweka jukwaa majini. Hayo yanawezekana kwa sababu ya picha ya Mwangwi: mtu anajua ghala limeanzia wapi, limeishia wapi, na ufa uko wapi. Hata hivyo baadhi ya viwanja hivyo viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, kwenye makao ya tembo na twiga, na familia nyingi za Buliisa zilipoteza mashamba. Watu wanabishana juu yake hadi leo, na wana haki ya kubishana. Hilo Mwangwi hakuulizwa. Ni swali la kuulizwa watu, nao wajibu kwa sauti zao.

Haya, yule aliyeuliza habari za ua, chukua karanga zako. Na wewe uliyeuliza kama Mwangwi hudanganya, chukua nyingi zaidi.